Mahali Dawa Isipofika

Msomaji kijana, bila shaka umewahi kuugua ukapona. Pengine yalikuwa mafua, pengine malaria, pengine jeraha la goti ulilolipata uwanjani. Nataka nikuulize: ulijuaje kuwa umepona? Utanijibu kwamba homa ilishuka, uchungu ukaisha, kidonda kikafunga, nawe ukarudi kucheza. Jibu hilo ni jema, na kwa siku nyingi za maisha yetu latosha. Lakini yako maradhi ambayo kwayo jibu hilo ni uongo, na mtu anayelitegemea huweza kuharibika huku akicheka. Nitakueleza habari za ugonjwa mmoja wa namna hiyo. Nao utatufikisha kwenye swali ambalo si la madaktari peke yao: mtu anayejua ya kuwa msaada uliotolewa haukufika kila mahali ulipohitajiwa, anadaiwa nini?

Ugonjwa wenyewe ni kaswende. Najua kwamba jina hili likitajwa darasani, madawati ya nyuma hucheka. Mimi nami nilicheka nilipokuwa na umri wako, katika shule moja ya bweni hapa Nyeri, na mwalimu wetu aliona haya akafunua ukurasa mwingine. Kwa hiyo tulihitimu tukijua kuchora moyo wa chura na vyumba vyake vyote, wala hatukujua jinsi kaswende inavyomwingia mtu na jinsi inavyokaa ndani yake. Leo mimi ndiye mwalimu, na ukurasa huu sitauruka.

Kaswende huletwa na kijidudu chembamba sana, kilichojiviringa kama springi iliyo ndani ya kalamu. Wajerumani wawili, Schaudinn na Hoffmann, ndio waliokiona kwa mara ya kwanza, mwaka 1905. Hupita kutoka mtu hadi mtu kwa njia ya kujamiiana, na mama mwenye mimba huweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni. Kwanza hutokea kidonda, ambacho kwa kawaida hakiumi, nacho hujifunga chenyewe hata bila dawa. Baada ya majuma kadhaa hutokea vipele, navyo huondoka. Kisha huwa kimya. Kimya hicho huweza kudumu miaka kumi, ishirini au zaidi, na wengine hufa wakiwa wazee bila kusumbuliwa tena. Lakini kwa wengine adui hujitokeza katika mshipa mkubwa wa moyo, katika macho, katika masikio, katika ubongo na uti wa mgongo. Wala usidhani kwamba hungoja uzee ndipo aingie humo. Mara nyingi huwa amekwisha kuingia katika miezi ya mwanzo, wakati mgonjwa anapojitazama ngozi na kumshukuru Mungu kuwa imetakata.

Sasa yakupasa kujua jambo moja juu ya mwili wako. Mwaka 1885 Mjerumani mwingine, Paul Ehrlich, aliwatia wanyama rangi katika damu. Alipowapasua aliona viungo vyote vimeshika rangi, ila ubongo ulibaki mweupe. Mwaka 1913 mwanafunzi wake, Goldmann, aligeuza jaribio hilo: rangi aliitia katika maji yanayouzunguka ubongo, na safari hii ubongo ukashika rangi, mwili usishike. Basi ikadhihirika kwamba kati ya damu na ubongo pana ukuta. Ni ukuta wa heri, kwa kuwa huzuia sumu nyingi zisifike mahali petu pa akili. Lakini ukuta hauchagui kwa hekima. Humzuia mwizi, na huweza kumzuia askari anayemfukuza mwizi.

Wewe uliyezaliwa katika nchi hii ya vilima na mabonde huhitaji mfano wa mbali. Mto Gura hupita bondeni ukinguruma, na kahawa iliyo juu ya kilima, karibu tu na maji hayo, hunyauka jua la Februari. Maji yapo, kupanda ndiko hakuna. Damu ni ule mto. Ubongo na uti wa mgongo vimezungukwa na maji mengine, maangavu, ambayo kwa mtu mzima ni kama mililita 150 tu, yaani nusu ya chupa ndogo ya soda. Na mwili huyafanya upya mara tatu au zaidi kila siku. Penisilini inapotiwa mwilini hujaa katika damu. Lakini seli za ule ukuta zimebanana, na penisilini ni dawa ya kupenda maji, haipenyi kwa urahisi katika mafuta ambayo ni ngozi ya seli. Na hata ile kidogo inayopenya hupigwa pampu ikarudishwa damuni. Ukuta usipokuwa umevimba kwa ugonjwa, kiasi kinachofika katika maji ya uti wa mgongo ni sehemu chache tu kwa mia ya kile kilicho katika damu.

Madaktari wamepata njia mbili za kuushinda ukuta huo. Ya kwanza ni kuufurisha mto mpaka maji yapande kilimani: mgonjwa hulazwa, akatiwa penisilini katika mshipa kila baada ya saa nne, usiku na mchana, yuniti milioni 18 hadi 24 kwa siku, muda wa siku 10 hadi 14. Ya pili ni kumchoma kila siku sindano ya penisilini ya aina nyingine, na kumpa pamoja nayo vidonge vya probenesidi, ambavyo huizuia ile pampu isiitoe dawa. Hata mtoto mchanga aliyezaliwa na ugonjwa huu hutiwa penisilini siku 10, kwa sababu hiyo hiyo ya kuufikia ubongo wake.

Lakini sindano ambayo wagonjwa wengi hupewa siyo hiyo. Ni penisilini iitwayo benzathini, yuniti milioni 2.4, inayochomwa katika nyama ya tako. Hukaa pale ikitoa dawa kidogo kidogo kwa majuma mawili au matatu; na kwa kuwa kijidudu cha kaswende hujigawa polepole, mara moja katika saa 30 hivi, dawa hiyo ndogo ya kudumu humwua vizuri kuliko dawa kubwa ya siku moja. Katika damu na nyama kazi yake ni ya kusifiwa. Katika maji ya uti wa mgongo, mara nyingi kiasi chake hakitoshi kuua.

Hapa utaniuliza, na utakuwa na haki: ikiwa waganga wanajua hivyo, kwa nini kila mgonjwa asilazwe siku 14?

Nakujibu kwamba tangu mwaka 1943, daktari Mahoney wa Marekani na wenzake walipowatibu wagonjwa wa kwanza wa kaswende kwa penisilini, watu wasiohesabika wamepona. Na wengi wa wale wanaotibiwa mapema hupona kwa sindano moja, kwa maana mwili nao una askari wake, na adui akiisha kuvunjwa katika damu, wao huwamaliza mabaki yaliyojificha. Kumlaza kila mmoja kungejaza wodi zote za Nyeri, Karatina na Embu, na kumchoma kila mmoja mgongoni ili maji yake yapimwe kungekuwa adhabu kwa wengi wasioihitaji. Mtu wa kibarua, anayelipwa kwa kilo za majani ya chai alizochuma, akikaa wodini majuma mawili watoto wake watakula nini? Kwa hiyo waganga wameafikiana kumchoma mgongoni yule mwenye dalili: macho yanayofifia, masikio yanayoziba, miguu inayopotea, akili inayobadilika. Naona uamuzi huo ni wa haki. Wala sisemi kuwa ni hila.

Lakini uangalie vizuri ni uamuzi wa namna gani. Hausemi, "Huyu amepona." Unasema, "Yaelekea huyu atapona, nasi tutamwangalia." Ndiyo maana mgonjwa huambiwa arudi apimwe damu baada ya miezi sita, na tena baada ya mwaka. Sindano ni nusu ya matibabu. Nusu nyingine ni jicho. Ukiiondoa ile nusu ya pili, uamuzi ule wa haki hugeuka kuwa kamari, na kinachowekwa rehani ni ubongo wa mtu mwingine.

Katika nchi hii inayouzunguka Mlima Kenya tulikwisha kuona mambo ya sindano na jicho tangu zamani. Katika miaka ya 1920 watu wengi wa Nyeri, Embu na Meru walikuwa wakiugua buba, ambayo kijidudu chake ni ndugu wa damu wa yule wa kaswende, ila buba haienezwi kwa kujamiiana, hushika zaidi watoto, nayo hula ngozi na mifupa. Serikali ya kikoloni na hospitali za misheni, kama ile ya Tumutumu karibu na Karatina, na ile ya Chogoria ambako Daktari Irvine alianza kazi mwaka 1922, zilileta sindano za dawa zilizotengenezwa kwa aseniki, na baadaye za bismuthi, iliyokuwa rahisi kwa bei. Vidonda vilivyonuka kwa miaka vilifunga upesi mno. Habari zikaenea vilimani, watu wakafurika. Lakini wengi, walipoona kidonda kimefunga, hawakurudi kumaliza sindano zilizobaki.

Wako waliowaita wajinga. Mimi siwezi kuwaita hivyo. Mtu ametembea kutwa nzima akivuka mabonde, kidonda alichokuja nacho hana tena. Nani alikaa naye chini ya mti akamweleza, kwa lugha yake, kwamba kilichobaki hakionekani? Na mwenye kuchoma sindano naye alikuwa na furaha yake. Ni rahisi kuhesabu sindano kuliko kuhesabu waliopona, na kidonda kilichofunga humpendeza kila mtu: mgonjwa huenda zake, mganga huandika katika daftari, mkubwa wake husoma daftari. Ndugu msomaji, jambo likimpendeza kila mtu upesi hivyo, mimi huanza kulishuku.

Huo ulikuwa upungufu wa maelezo. Upo na uovu wa kuficha kwa makusudi. Huko Tuskegee, katika jimbo la Alabama la Marekani, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, Idara ya Afya ya Umma iliwaangalia wanaume Weusi 399 wenye kaswende, pamoja na 201 wasio nayo, ili ione ugonjwa usiotibiwa humfanya nini mtu mpaka kufa. Hawakuambiwa ukweli. Mwaka 1933 waliandikiwa barua ya kuwaita kwenye matibabu maalumu yasiyo na malipo. Wakaja, wakainamishwa, wakachomwa mgongoni. Kumbe sindano ile haikuwa ya kutia dawa, ilikuwa ya kutoa maji yapimwe. Penisilini ilipokubaliwa kuwa dawa ya kaswende katika miaka ya 1940, wao hawakupewa. Mambo hayo yalifichuliwa na magazeti mwaka 1972, na mwaka 1997 Rais Clinton aliwaomba radhi wachache waliosalia. Hao walijua kabisa mahali msaada ulipokuwa haujafika, wakanyamaza miaka arobaini.

Ni rahisi kuwahukumu, nami nawahukumu. Lakini kimya si mali ya watu wa mbali peke yao, na sasa sina budi kukusimulia changu.

Nilipotoka chuo cha ualimu na kuanza kufundisha, nilikuwa na jirani mzee, aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi katika kiwanda cha kahawa. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki. Yeye naye sasa hayupo, na kabla ya kufa aliniruhusu nisimulie habari hizi ila jina lake nilifiche. Mzee huyu alikwenda hospitali kwa ajili ya jambo jingine, damu yake ikapimwa, akaonekana ana kaswende ya siku nyingi. Kwa ugonjwa uliokaa hivyo sindano za benzathini huwa tatu, moja kila juma. Hakujua kusoma, wala hakutaka wanawe wajue. Akaja kwangu jioni, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwalimu, wewe ni mwanangu. Nisindikize."

Nikamsindikiza mara ya kwanza na ya pili. Muuguzi alituambia wote wawili, kwa ridhaa ya mzee, kwamba sindano ya tatu isikose, damu ipimwe tena baada ya miezi sita, na mzee akianza kuona giza, au kusikia vibaya, au kutembea kama asiyejua ardhi ilipo, tusingoje tarehe yoyote. Niliyaandika maneno hayo kwa mkono wangu nyuma ya kadi. Mzee aliniomba niiweke mimi, isije ikaonekana nyumbani kwake, nami nikaitia katikati ya kitabu.

Juma la tatu lilikuwa la mitihani, na mvua ilinyesha ovyo. Nikamwambia twende juma lijalo. Juma lililofuata akaniambia, "Mwalimu, mimi ni mzima. Kwani sindano ni chakula?" Nikacheka, na ndani yangu nikaona nafuu. Nakuomba uitazame nafuu hiyo, maana ndiyo kiini cha insha hii. Haikuwa furaha ya kwamba mzee ni mzima. Ilikuwa furaha ya kwamba sitakaa tena kwenye benchi lile, mbele ya watu, nikiulizwa tumekuja kwa ajili gani. Miezi sita ikapita. Kadi ikakaa kitabuni.

Baada ya miaka miwili mzee alianza kujikwaa usiku. Mchana, akiangalia miguu yake, alitembea vyema. Gizani alikuwa kama mtu aliye mtumbwini. Asubuhi akinawa uso na kufumba macho, alianguka upande. Majirani wakasema ni pombe, naye hakuwa mnywaji. Mimi nilikuwa na maneno yaliyoandikwa kwa mkono wangu, nikayakumbuka siku ile ile niliyomwona akishika ukuta kwa kunawa. Hata hivyo nilikaa kimya mwezi mzima kabla ya kumwendea, kwa kuwa kumwambia kulikuwa pia kukiri.

Akapelekwa hospitali kubwa. Akalazwa ubavu, amejikunja kama mtoto, maji ya uti wa mgongo yakatolewa, na ugonjwa ukaonekana humo. Akatiwa dawa kila baada ya saa nne, siku 14. Dawa ilikisimamisha kijidudu; miguu haikurudi yote, kwa maana mshipa wa fahamu uliokwisha kuharibika haufufuki kwa penisilini. Alitembelea fimbo hadi mwisho.

Nilimwuliza daktari kama ile sindano ya tatu ingemwokoa. Akasema hakuna awezaye kujua. Sindano zile hazipafikii vizuri mahali pale, na yaelekea adui alikuwa amekwisha kuingia kabla ya hata ile ya kwanza. Nilitoka nje nikiwa mwepesi. Nilipofika langoni nikatambua kwamba ni nafuu ile ile, imerudi kwa mlango mwingine.

Wako wanaofundisha kwamba kosa hupimwa kwa madhara yake. Kwa kipimo hicho, huenda kuhusu sindano sina kosa kabisa. Lakini jicho je? Miaka miwili sikumwuliza hata mara moja, "Mzee, waonaje gizani?" Hilo lilikuwa fungu langu, na halikuhitaji kupenya ukuta wowote. Nawe unipime hivi: tuseme mwili wake ungemaliza kazi wenyewe, kama yatokeavyo kwa wengi, naye angeishi na miguu yake. Kadi ingekuwa ndani ya kitabu kile kile, na mimi ningekuwa yule yule. Nafikiri ningekuwa na deni lile lile. Nakiri pia kwamba ningelala usingizi mzuri, na pengine insha hii nisingeiandika.

Siku ya kumi na moja nilimkuta ameketi kitandani, mpira wa dawa mkononi. Akaniuliza, "Kadi yangu bado unayo?" Nilikuwa nimeileta. Akaniambia nimsomee yaliyoandikwa nyuma, nikamsomea: macho, masikio, miguu, msingoje tarehe. Akanyamaza. Kisha akasema, "Soma tena, polepole," nami nikasoma tena. Muuguzi alipopita akaandika chini yake, kwa wino mwingine, siku ya kurudi kupimwa. Nilinyosha mkono niipokee kadi kama zamani, lakini mzee aliikunja, akaitia katika mfuko wa shati lake.